Jaribio la Nusu Kidonge

…na kiduara cha njano bado kinazunguka kwenye skrini ya ukutani, chumba cha mkutano, majaribio ya programu ya lebo za dawa, mia mbili na kumi na nne kati ya mia tatu na tisa, polepole hivi, Mungu wangu, na mkuu wa timu amesimama na kikombe mkononi, anasema, "Marekebisho haya yakipita tu yanaingia famasi zote, halafu tutaongea na mwalimu," na mwalimu, wanayemwita hivyo kwa kuwa alifundisha hesabu miaka kumi na tisa kabla ya kujifunza programu, ameinamia meza, mtu mzima yule, rika la kaka mkubwa wa dada anayepitia kazi yake, hata kuthibitishwa kazini bado, naye dada huyo yuko viti viwili pembeni, mikono kaikalia, kila kitu kiko pale ukutani, nani aliandika, nani alipitia, saa na dakika, mwalimu kazima jaribio la nusu kidonge, na chini yake jina lake yeye, nimepitia, sawa… mistari mia nne ya programu kwa dakika mbili, hata gazeti halisomwi hivyo, lakini hilo wanalijua, hilo ni uzembe tu, "kila mtu hupitiwa," mkuu alimwambia asubuhi akimpigapiga begani, wasilolijua ni lile la mdomoni, Alhamisi, mkoba umeshaning'inia begani, mama anapiga simu kuuliza yuko wapi, mwalimu anamfuata mpaka mlangoni, dada, jaribio moja linagoma, linasema nusu kidonge inageuka kizima, nifanyeje, naye bila hata kugeuka, lizime kwanza mwalimu, hayo ya zamani yana kelele za bure, kesho nitaliangalia… kesho ikawa kesho kutwa, na kumbe halikuwa na kelele, lilikuwa linasema kweli, na jana babu wa watu, siku ya tano anameza vidonge vizima vya presha kama lebo ilivyomwambia, kaanguka bafuni, yuko wodini… "Nani alikuruhusu kulizima?" mkuu anauliza, sema basi mwalimu, nitaje tuyamalize, nitaitikia tu kwa kichwa, lakini mwalimu anasema, "Nililizima mimi, mkuu," basi, hamwangalii hata kwa jicho la pembeni, na njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila yeye hajasema uongo, hajasema chochote, mia mbili na sabini, goma, anaomba, kwama hapohapo, geuka nyekundu, nyekundu ni kurekebisha na kuanza upya, saa nzima nyingine kabla barua ya kumwachisha mwalimu kazi haijaandikwa, saa nzima ya kufikiri, goma tafadhali… "Matawi matatu bado hayapokei simu," anasema wa huduma kwa wateja, "hao wanaendelea kuchapa lebo zilezile," na moyo wake unapiga pa, kwa sababu ndicho alichokuwa akikiomba, lebo zilezile, mgonjwa mwingine, bibi wa mwingine, meza kizima bibi, mimi nipate nafasi ya kufikiri… nimekuwa mtu gani, anajiuliza, aibu inampanda mpaka masikioni, mia mbili na themanini na moja, kiduara kinazunguka, mkuu anakunywa chai, hakuna aliyesogea, naye anaitoa mikono chini ya mapaja, anaiweka mezani, "Mkuu," anasema, "mwalimu aliniuliza."