Nafasi ya Sauti ya Tatu

Mwalimu Cikuru wa kwaya yetu alitaka wimbo wa Pasaka uenee kwenye ukurasa mmoja. Karatasi za parokia zilikuwa zinakwisha, na tangu magari yaanze kuviziwa kwenye barabara ya Bujumbura, hakuna aliyethubutu kwenda kununua nyingine. Kwa hiyo sauti zote nne, noti na maneno, zibanwe hapo. Ni rahisi kusema kama si wewe unayepanga.

Mpangaji nilikuwa mimi. Nilitumia kompyuta tuliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao, na programu iitwayo TeX. Humo husogezi noti kwa mkono. Unaandika amri, kisha unaiendesha mara tatu: kwanza inapima noti, halafu inagawa nafasi, mwisho inatoa ukurasa.

"Toa sauti ya tatu, Sabine," Cikuru aliniambia. "Tenori hatuna tena. Ukurasa itatosha."

Tenori wetu wa mwisho alikuwa Espoir, mume wangu. Alikwenda Kizuka na baiskeli kuchukua mawese, mapigano yakazuka huko, na hatukusikia neno tena.

"Espoir amekufa, Mwalimu? Ni wewe umemuzika?"

"Sijasema vile."

"Basi nafasi yake iko. Akirudi ataimba nini, kama haiko kwa karatasi?"

Hapo nilimkamata kwa sheria yake mwenyewe. Kwa Cikuru, kisichoandikwa hakiimbwi. Kuna mama aliwahi kuongeza kibwagizo chake mwishoni mwa zaburi, akatolewa nje akiwa na mtoto mgongoni.

Nikabana. Nilipunguza nafasi kati ya mistari, nikazisogeza noti karibu karibu, nikayafanya maneno kuwa madogo. Noti za juu za Espoir zikapanda mpaka kwenye maneno ya sauti ya pili na kuyafunika. Nilijiambia kwamba yanasomeka, na nilijua najidanganya. Niliogopa kwamba nikiufuta ule mstari, nitakuwa mimi niliyemuua.

Alasiri, jenereta ikinguruma nje, aliingia Benedicte, mama yake Espoir, anayeimba sauti ya pili. Tulisalimiana. Akauchukua ukurasa, akausogeza karibu na macho, akausogeza mbali.

"Hapa kwangu sioni kitu, mwanangu."

"Nitapanua, mama. Ungoje kidogo."

"Toa ya Espoir."

Nilidhani Cikuru ndiye aliyemtuma, na nikamwambia hivyo, tena kwa ukali ambao mtu hamwambii mama mkwe wake. Hakukasirika. Alikaa kwenye benchi na kuushika mkono wangu.

"Wamama ya Kizuka wamemuzika. Waliniambia jana pale soko. Nimeshindwa kukuambia. Niliona unamuwekea nafasi, nikasema acha, aishi kidogo tena."

Nililia kwa sauti, naye akalia pamoja nami. Kisha nikaufuta mstari wa tatu, kwa sababu yeye ndiye aliyeniomba, nikaiendesha ile programu mara zake tatu.

Ukurasa ulitoka mzuri kuliko zote nilizowahi kupanga. Maneno yalikuwa wazi, noti zimekaa kwa raha. Nafasi ya Espoir ilikuwa imegawiwa wengine, na hapakubaki hata alama kwamba kuna mtu alikuwa hapo. Niliuchukia ule ukurasa.

Siku ya mazoezi Benedicte alisimama karibu yangu, akaninong'oneza, "Alikuwa wapi hapa?"

Nikamwonyesha upenyo mweupe wa kawaida kati ya mstari wa sauti ya pili na wa besi. Akaweka kidole pale. Wimbo ulipoanza, hakuimba sauti yake. Aliimba ya mwanawe, ile aliyokuwa akimsikia akiifanyia mazoezi uani, na kidole chake kikawa kinatembea juu ya karatasi tupu.

Cikuru aligeuka kumtazama. Akaitazama karatasi yake mwenyewe, ambayo sauti ile haikuwamo. Kisha akaendelea kutuongoza mpaka mwisho.