Kiwiko cha Tajiri

Fundi alipanda juu ya kebini akamwaga ndoo ya maji, na dereva akabaki ndani na kipande cha chaki ili aweke alama yanapoingilia. Yaliingia kwenye pembe ya kioo cha mbele, ambako mpira ulikuwa umekauka ukapasuka, yakapita nyuma ya dashibodi na kutua sakafuni. Dereva alichora mpaka chaki ikaisha. Kisha akadunga sakafu kwa bisibisi, pale zilipofungwa pedeli, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Mwenye lori alikuwa kivulini, kwenye kiti cha plastiki, akipuliza chai. Madereva humwita mwenye gari tajiri, na huyu alilipenda jina hilo hata nyumbani akataka aitwe hivyo. Dereva alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja, lakini undugu huo uliishia mlangoni mwa gereji. Tajiri alichungulia lile tundu, akaona ardhi. Akasema lizibwe kwa puti, lipakwe rangi, lori litoke.

Fundi hakubisha. Kupaka puti ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote, na watu walimwita Puti kwa sababu hiyo. Alijua kukata kutu mpaka kwenye chuma kizima na kuchomelea bamba jipya, ila alijua zaidi kumwambia mwenye mali anachotaka kusikia. Alisokomeza gunia kwenye tundu, akakandika, akapiga msasa, akapaka rangi ya buluu. Ndipo tajiri, mjuaji wa kila kitu, akainama na kuona vitundu chini ya milango. Kiwanda huviacha makusudi, ili maji yanayopenya kwenye kioo cha mlango yapate pa kutokea. Yeye aliona lori limetoboka. Aliamuru vizibwe, na Puti akaviziba huku akimsifu kwa kuwa na jicho kali.

Mvua zilipoanza, milango ilijaa, na dereva akikata kona aliyasikia maji yakicheza ndani. Kwa kuwa yalikosa njia, yakatokea kwenye kiwiko cha tajiri. Ilikuwa wakati wa chakula. Mkewe alisogeza bakuli chini ya kiwiko akaendelea kula. Daktari aliyapima akasema ni maji ya mlango wa lori, upande wa kushoto, na kwamba yeye hatibu milango.

Baadaye kiwiko chenyewe kilianza kubanduka maganda mekundu, yakidondoka kwenye shuka na kwenye makochi. Mkewe alinunua ufagio mwingine. Waliomshika mkono walijifuta kwenye suruali, kisha wakamwambia anazidi kunawiri.

Dada yake tajiri, mke wa dereva, hakuwa na muda wa viwiko. Alikuwa ameinama chini ya lori akaona gunia linaning'inia, na mumewe alimweleza kwamba kila akikanyaga breki, sakafu inabonyea pamoja na pedeli. Lori lilikuwa limepangiwa kuteremka na saruji kwenye mteremko mrefu wa milimani. Mwanamke huyo aling'oa mlango wa chuma wa uani kwake, akatundika pazia mahali pake, akaubeba mlango kichwani mpaka gereji.

"Kaka," alisema, "mwambie fundi aukate huu, auchomelee chini ya miguu ya mume wangu. Sikuombi kingine."

Tajiri aliugonga mlango kwa vidole. Ulilia vizuri. Alimshukuru dada yake kwa kumfikiria, akakunja shati, akalaza mkono juu ya meza ya kazi.

"Hapa usiniwekee puti," alimwambia fundi. "Kata mpaka kwenye kizima."

Puti alifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanyia gari lolote. Alikata kutu yote, akapima kwa karatasi ngumu, akalipinda bamba taratibu, akachomelea, akalainisha, akachanganya rangi mpaka ikafanana na ngozi. Chini ya kiwiko aliacha vitundu viwili, maji yapate pa kutokea. Kumbe siku zote alijua vile vya milangoni ni vya nini. Kipande cha mlango kilichobaki tajiri alikiweka akiba kwa ajili ya kiwiko cha pili.

Dada yake aliuliza kuhusu sakafu. Tajiri alikunja na kukunjua mkono, akaridhika, akamjibu kwamba sakafu ina rangi mpya.

Lori lilipakiwa. Mwanamke alimsihi mumewe ashuke, wataishi kwa njia nyingine.

"Nikishuka atapewa mwingine," dereva alisema. "Na huyo naye ana mke."

Akawasha. Alipofika getini alikanyaga breki, na wote waliokuwapo waliona mguu wake ukitokeza chini ya kebini, ukitembea hatua chache kwenye changarawe, kisha ukirudi juu. Puti aliangalia kwingine. Lori likaingia barabarani na saruji yake, kuelekea milimani.

Tajiri alimpungia shemeji yake kwa mkono uliokuwa mzima tena, kisha akamgeukia dada yake akamshauri amnunulie mumewe viatu vya soli ngumu.