Hospitali Iliyopenda Magari

Asubuhi ya Jumatatu Goreti alishuka kwenye basi la Nachingwea pale Ruangwa mjini, akanywa chai na mihogo ya kukaanga, kisha akaanza kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. Mradi uliomwajiri ulitaka kujua watu wa Mandawa wanatumia muda gani kufika hospitali ya mjini kwa gari, kwa bodaboda, kwa baiskeli na kwa miguu. Wakionekana wako mbali, watajengewa zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Goreti ni mtu wa haya, lakini siku hiyo alisalimia hadi mbuzi.

Kwa gari kazi ilikuwa nyepesi. Kabla yeye na dereva hawajayamaliza mashamba ya ufuta ya Mandawa, waliikuta hospitali imekuja kuwapokea barabarani, na mabenchi yake, wagonjwa wake, na nesi mmoja ameshika kikombe cha chai. Kwa bodaboda ilikuja hadi katikati ya njia. Kwa baiskeli haikusogea.

Kwa miguu ilirudi nyuma. Goreti alitembea tangu alfajiri na Dionisia, ambaye mimba yake ilikuwa imeshatimiza miezi, pamoja na Koleta, mama yake Dionisia. Kila walipolikaribia paa la bluu la hospitali, lilijivuta taratibu nyuma ya kilima kingine. Jioni wakageuza.

"Huwa inafanya hivi?" Goreti aliuliza.

"Kwa sisi, ndiyo," alisema Koleta akikung'uta kandambili. "Mwaka jana nilivaa helmeti ya bodaboda, nikaunguruma kwa mdomo. Ilisogea kidogo, halafu ikaona miguu."

Goreti alicheka hadi akakaa chini. Majibu yalikuwa wazi kama mchana, zahanati ingejengwa. Aliwapigia simu wakubwa wa mradi, nao wakasema watakuja kujionea wenyewe.

Walikuja Alhamisi na magari mawili. Kwa kuwa yalikuwa makubwa tena mapya, hospitali ilikimbia njia nzima kuyapokea, ikasimama ng'ambo ya barabara, ikitazamana na nyumba ya Koleta. Saa hiyo Dionisia alikuwa ameshashikwa na uchungu.

Wanawake walimshika mabega, wakaanza kuvuka. Hospitali ikarudi hadi kwenye mikorosho. Wakaongeza mwendo, nayo ikaongeza. Dionisia akakaa vumbini.

"Mama, siwezi tena."

Hapo akapita Bundala, mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, akiwa na mkokoteni wake wa ng'ombe umejaa madumu ya maji.

"Mkokoteni!" Goreti alipiga kelele ambayo hakujua kuwa anayo. "Mkokoteni sijaupima! Mzee Bundala, shusha madumu!"

Walimpandisha Dionisia. Hospitali haikuwahi kuona mgonjwa anayeletwa na ng'ombe. Ilikwenda mbele kidogo, ikarudi, ikasimama kufikiri. Ilipokuwa ikifikiri, gurudumu likagusa ngazi ya mlangoni.

"Leo ng'ombe zako zimefanya kazi," Koleta alimwambia Bundala akihema, "siyo kula mihogo yangu tu."

"Mihogo yenyewe michungu, mama."

Mtoto wa kike alizaliwa kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Vigelegele vikapanda hadi kwenye bati. Goreti akalia, akacheka, akakimbia kwa wakubwa.

"Mmeona? Kwa mkokoteni imesimama! Kwa miguu inakimbia!"

Mkuu wa mradi, Bwana Amedeus, alikuwa ameshapima. Alivuka barabara kwa gari na hakuhitaji hata kubadilisha gia.

"Hongereni sana," aliwaambia wanakijiji. "Hospitali mnayo mlangoni. Zahanati tutawapelekea wenye shida."

"Lakini mkiondoka, nayo inaondoka," alisema Goreti.

"Binti, kitu kinapimwa pale kilipo."

Watu wakampigia makofi, kwa sababu mgeni akimaliza kusema hupigiwa makofi. Magari yakawashwa. Hospitali ikayafuata ndani ya vumbi, Dionisia akiwa kwenye dirisha la wodi amemnyanyua mtoto ili bibi yake amwone.

Bundala aliwapakia Koleta na Goreti wakaifuata, lakini hospitali ilikuwa imeshaujua mkokoteni. Walipofika mtoni ng'ombe walitaka maji. Koleta akateremka na chupa ya uji wa mzazi, akakaza kanga, akaendelea kwa miguu.