Goti Nyuma ya Kiti cha Baba

Baba amemwendesha bosi wake miaka kumi na tisa, na masikio ya baba yamekufa. Yalikufa taratibu, la kushoto kwanza. Tunaojua ni mama na mimi. Asubuhi bosi huniruhusu nipande nao kwenda shule, basi mimi nakaa nyuma ya baba. Nikimgusa mgongo kwa goti mara moja, ajue anasemeshwa, aangalie mdomo wa bosi kwenye kioo. Mara mbili, kuna honi. Injini yenyewe anaisikia kwa nyayo.

Jumamosi bosi alikwenda kujaribu gari la umeme. Akasema dereva ndiye ataliendesha. Akilimudu, kazi ni yake, akishindwa atatafutwa kijana. Baba akaniombea nafasi.

"Binti yangu hajawahi kupanda la umeme, bosi."

"Huyu bubu wako? Haya, apande."

Mimi si bubu. Naona haya tu.

Baba akabonyeza kitufe cha kuwasha. Akangoja gari litetemeke. Wapi! Akabonyeza tena.

Muuzaji, aliyekaa mbele naye, akacheka. "Mzee, umelizima! Hili halikohoi kama hilo punda lenu."

Baba akaona taa zimezimika, akacheka naye.

Barabarani lilikwenda kama linateleza juu ya mafuta. Ukiinua mguu linapunguza mwendo lenyewe, kama kuna mtu amelishika mkia. Baba alilizoea upesi, hata mimi nikaanza kufurahi.

"Unalionaje, dereva?" bosi akauliza, kakaa pembeni yangu.

Nikamgusa kwa goti. Baba anaangalia barabara tu. Nikapiga tena mpaka goti likauma. Ndipo nikaelewa: mgongo wa kiti kile ni plastiki ngumu, haupitishi kitu. Tulizoea kile cha zamani kilicholegea, na wala hatukuwaza.

"Mwache, yuko makini," muuzaji akasema.

Tuliporudi kwenye uwanja wa muuzaji, baba akaanza kuliingiza kinyumenyume pale lilipokuwa. Likalia pi, pi, pi, halafu piiii. Kwenye skrini nikamwona mlinzi ameinama nyuma yetu, anakunja waya wa kuchajia. Baba anaangalia kioo cha pembeni tu.

"Simama!" muuzaji akapiga kelele. "Simama wewe mzee!"

Nikamrukia baba, nikamvuta kola kwa mikono miwili. Gari likasimama. Kati yake na mlinzi haikubaki hata shubiri.

"Macho mmeazima?" mlinzi akafoka, akaenda zake.

Baba akashuka kukagua bampa. Bosi akasimama nyuma yake, hatua mbili tu.

"Dereva, tangu lini?"

Baba anapangusa vumbi.

"Dereva."

Bosi akanigeukia mimi. Ningeweza kusema baba kapitiwa tu, gari bado geni kwake. Maneno nilikuwa nayo. Nikaangalia viatu vyangu.

Baba akainuka, anatabasamu. "Gari zuri, bosi. Halina kelele hata kidogo."

Bosi akanyoosha mkono, apewe kadi ya kufungulia gari. Baba akampa. Mkono haukushuka. Bosi akamwonyesha kwa kidole mfuko wa shati, ulimo ufunguo wa lile la zamani.