Kata Kulia Ilipokuwa Posta

Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, na Mzee Mossie Tarpey alikuwa amekaa kwenye ukingo wa daraja la Kilcorran akila mkate wa siagi. Hapo ndipo mkaguzi wa posta alipomkuta na kumuuliza njia.

Na tulikuwa tumemwonya! Jumapili, baada ya misa, mji mzima ulikubaliana: akija mtu wa serikali, aelekezwe kwa vitu vilivyopo tu. Kanisa, mto, kilima, baa ya juu na baa ya chini, zaidi ya hapo hapana. Maana hapa kwetu Kilcorran ukimwelekeza mgeni kwa kitu kilichokufa, atakikuta kizima, milango wazi, na wahudumu wake ndani. Ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu. Hata ile ngome ya kilimani iliyochomwa na jeshi la Waingereza iliwahi kumnywesha chai mtalii wa Kijerumani, naye akaisifu.

Aliyekuwa roho juu ni Nuala Geraghty, mama wa posta. Mkaguzi alikuja kuamua kama posta ifungwe, na Nuala alikuwa akiishi juu yake, chumba na jiko. Ikifungwa, hana pa kwenda ila kwa dada yake huko Coventry, Uingereza, ambaye tangu utotoni hawajapata kuelewana hata juu ya birika la chai. Alimsihi Mossie ashinde nyumbani siku hiyo. Mossie akaapa kwa kaburi la mkewe kwamba atafunga mdomo. Lakini ulimi hauna mfupa, na mazoea yana taabu.

“Posta? Rahisi tu, kijana wangu,” alimwambia mkaguzi, ambaye jina lake lilikuwa Prunty. “Shuka mpaka ilipokuwa stesheni, kata kushoto ilipokuwa benki, upite kilipokuwa kiwanda cha maziwa. Ukiona ulipokuwa ukumbi wa dansi, ujue umepitiliza.”

Prunty akashuka. Stesheni alikuta treni ikiingia, na mkuu wa stesheni akamgusia kofia. Benki, karani mwenye masharubu alimfungulia mlango. Kiwandani wakulima walikuwa wamepanga foleni na madebe ya maziwa, wakisemana vibaya kwa furaha. Alipitiliza, kama kila mtu, na katika ukumbi wa dansi msichana mwenye gauni la kijani akamshika mkono wakacheza.

Alifika kwa Nuala akiwa na jasho, tai imekaa upande, anatabasamu. Akampongeza kwa mji wenye kila huduma. Nuala akamweleza taratibu kwamba stesheni ilifungwa kabla yeye Prunty hajazaliwa, na benki nayo imeshageuka duka la mazulia, likafa pia.

“Mama, nimeviona kwa macho yangu,” alisema Prunty. “Mji wenye treni na benki haukosi kitu. Kuna vijiji vyenye shida kweli.”

Posta ikafungwa mwezi uleule. Nuala alipopita darajani na sanduku lake alimpa Mossie vidonge vyake.

“Umeniua, mzee, na mkate ukiwa mdomoni.”

Mossie alilia palepale, mbele za watu.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja Mmarekani anatafuta kaburi la bibi yake. Mossie akamwambia akate kulia ilipokuwa posta. Yule mama akarudi na stempu, akisema mhudumu ni mkali lakini mwema.

Sasa kila Ijumaa wazee wetu wanajipanga darajani. Mmoja mmoja wanamuuliza Mossie njia ya kwenda kanisani walikobatizwa, anawaelekeza, na wakiwa njiani wanachukua pensheni kwa Nuala. Cheko tupu siku hiyo. Tulimwandikia Prunty kuhusu mshahara wa Nuala; akajibu kwa adabu kwamba posta isiyokuwepo haina mfanyakazi.

Huko Coventry, anasema dada yake, Nuala kila Ijumaa anasinzia kitini asubuhi na kuamka jioni, vidole vina wino. Juzi Nuala mwenyewe alipiga simu baa ya chini.

“Mwambieni Mossie saa saba asinitumie mtu,” alisema. “Na mimi nile.”