Vipimo vya Kwaya Kwenye Foleni ya Benki

Jumatano asubuhi fundi cherehani aliwasha kompyuta ya dukani kwake, kikombe cha chai mkononi, akakuta kioo kizima ni chekundu. Katikati palikuwa na maneno meupe: mafaili yako tumeyafunga, lipa ndani ya siku tatu, la sivyo tunayafuta.

Chai ikampalia. Mle ndani mlikuwa na vipimo vya wanakwaya arobaini, na mashindano yao yalikuwa Jumapili. Majora manne ya kitambaa cha samawati yalikuwa mezani, hayajaguswa na mkasi.

Akamwita fundi wa kompyuta wa duka la jirani. Yule bwana akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akakuna kichwa.

"Hawa wamepitia kwenye wifi," akasema.

"Mimi?" Mke wa kaka yake fundi, aliyekuwa pembeni akishona vifungo, aliruka kutoka kitini. "Wamepitia kwangu saa ngapi? Jana nimefunga duka kwa kufuli mbili!"

Fundi alikuwa karibu kulia, lakini kicheko kilimtangulia. Walicheka wote watatu mpaka fundi wa kompyuta akashika meza asianguke. Kisha akajifuta macho, akasema ukweli: kama hukuweka nakala mahali pengine, hakuna la kufanya. Bima fundi hakuwa nayo. Polisi waliandika maelezo kurasa mbili, wakamtakia kazi njema.

Saa nne simu zikaanza kulia mtaa mzima. Benki ya pale kona nayo ilikuwa imevamiwa vilevile, pesa za watu zimehamishwa. Kila mteja aende na kitambulisho. Fundi na wifi yake wote walikuwa na akaunti pale. Wakafunga duka wakaenda mbio, futi ingali inaning'inia shingoni mwa fundi.

Benki ilikuwa imejaa pomoni, foleni imejikunja mara tano. Meneja, mwanamume mwembamba mwenye tai, alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Ndugu wateja, tulieni! Hakuna atakayepoteza hata senti. Benki itarudisha kila kitu."

Makofi yakapigwa. Fundi akanyoosha mkono. "Na mimi niliyeibiwa vipimo dukani?"

"Mama, kilichokuwa kwetu tutakirudisha. Cha dukani kwako..." Meneja akarekebisha tai. "Sisi tuna bima. Nani atakulipia wewe, kwa kweli sijui."

"Mimi namjua. Ni huyu hapa." Fundi akajipiga kifua. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka.

Ndipo sauti nzito ikatoka mkunjo wa tatu wa foleni. "Fundi! Suruali zetu vipi?"

Alikuwa mwimbaji wa besi, waliyemwita Radi. Fundi akageuka amjibu, akawaona waimbaji wawili wa soprano nyuma yake, na kule dirishani mwalimu wa kwaya mwenyewe. Zaidi ya nusu ya kwaya ilikuwa humo ndani, haina pa kwenda kwa saa tatu zijazo!

Akaivuta futi. "Radi, inua mikono! Wifi, andika!"

Wifi akanyakua fomu za kuweka pesa kwenye kaunta, akawa anaandika upande wa nyuma. Fundi akaita: "Kifua mia na kumi na nane. Usibane tumbo, Radi, utaimbaje bila kupumua?" Wasio wanakwaya nao wakaanza kuinua mikono wapimwe. Mlinzi alikuja kumtoa fundi, akaombwa ashike ncha ya futi, akashika.

"Mama, hapa ni benki!" meneja alilalama.

"Naona. Ndiyo maana hakuna anayenikimbia."

Mwalimu akaanzisha wimbo, foleni nzima ikaitikia, na mhudumu wa dirisha la pili akawa anapiga mihuri kwa kufuata mdundo. Meneja alishuka kitini. Kisha akasogea, akauliza kwa sauti ya chini suti huchukua siku ngapi.

"Baada ya Jumapili," wifi akamjibu. "Na unalipa taslimu."

Walitoka na vipimo vya watu ishirini na watatu. Waliobaki walipigiwa simu, wakaja dukani. Wezi hawakulipwa kitu, nao wakafuta kila kilichokuwamo, pamoja na picha za magauni yote aliyoshona kwa miaka tisa. Hizo fundi alizililia, mara moja, akiwa peke yake na pasi.

Jumamosi mchana ujumbe wa benki uliingia. Wifi akausoma kwa sauti: kuanzia mwezi ujao, kila akaunti itakatwa ada ya usalama.

"Kumbe na wao tumewalipia sisi!"

"Basi mimi nimelipa mara mbili," fundi akasema, akaegemea cherehani akicheka mpaka uzi ukakatika.

Jumapili wanakwaya arobaini walipanda jukwaani wakiwa samawati tupu. Fundi alipanda juu ya benchi, akapiga vigelegele kabla hata hawajaimba, na wifi akamvuta sketi akimwomba ashuke, watu wanatazama.