Jembe la Siku ya Tatu

Gia Tatu, dereva wa malori, hakuacha kazi kwa ajili ya mshahara, wala hakugombana na bosi. Aliiacha kwa sababu ya neno moja la mtoto wa miaka mitano.

Alikuwa ametoka safari ya wiki saba, begi begani, vumbi mpaka kwenye kope. Akagonga mlango. Binti yake, ambaye kwa ukali wa ulimi walimwita Pilipili, akafungua, akamkagua kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akageuza shingo.

"Mama! Mgeni amekuja!"

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, pini tatu mdomoni. Alicheka mpaka pini zikamdondoka. "Mkaribishe basi. Mpe kiti."

Pilipili akampa kiti, tena kile cha kitambaa, ambacho watu wa nyumbani hawakikalii. Hapo ndipo Gia Tatu alipochomwa hasa.

"Usinune," mkewe akamwambia wakati wa chai. "Mtoto hajakosea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa wewe, baba Pilipili, tangu unioe hujawahi kuifikia siku ya tatu. Jembe langu halikujui."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya nyumba mkewe alilima kishamba cha vitunguu, ukubwa wa tela moja, na Gia Tatu alikuwa hajakigusa hata kwa kidole cha mguu. Kampuni yake ilimpa siku moja ya kufua nguo na siku moja ya kuzianika. Kabla hazijakauka, simu inalia.

Basi akaacha. Jina lake lilikuwa zuri barabarani, ingawa alilipata kwa kuchekwa: siku ya mtihani wa leseni aliendesha mwanzo hadi mwisho kwa gia ya tatu, mpaka mtahini akasinzia. Tangu hapo miaka kumi na tisa, hajagonga hata ndoo. Wiki haijaisha, kampuni mbili zikamwita.

Siku ya kwenda, anavaa shati la pasi, mkewe akamshika ukosi.

"Usimuulize bosi kama utakuwa unarudi nyumbani. Bosi gani atakujibu hapana? Hata mchinjaji humwita mbuzi kwa majani."

"Niulize nini sasa?"

"Waulize madereva watoto wao wako darasa la ngapi."

"Hilo nalo swali la mtu anayetafuta kazi?"

"Wewe uliza. Mimi nashona sare za shule. Namjua baba anayekuja na kipimo, namjua na yule anayekisia kwa mkono hewani."

Geti la kwanza lilifunguka lenyewe. Ndani, malori mapya kumi na manne yalijipanga kama meno ya mtu asiyelamba sukari. Meneja, kijana wa tai na marashi, akampandisha kwenye kabini. Lo! Kiti kinapanda na kushuka taratibu kama kinapumua. Kiyoyozi. Friji. Nyuma kitanda, godoro nene kuliko la nyumbani kwake. Gia Tatu akashika usukani, kwa muda akasahau kama ana mke.

"Hapa sisi ni familia, mzee wangu," meneja akasema. "Dereva wetu anarudi nyumbani akitaka." Akamwekea funguo kiganjani. "Sema ndiyo kabla ya saa kumi, lori hili ni lako. Ikipita hapo, nampa mwingine."

Funguo zilitulia kiganjani kama zimezaliwa pale. Ulimi ulishafika kwenye "ndi—", akakumbuka ukosi wa shati. Akaomba dakika mbili, akashuka.

Kivulini mwa tela alimkuta dereva mnene anakaza turubai. Wakasalimiana, wakasifu matairi kama ilivyo ada.

"Hivi, mwanao mkubwa yuko darasa la ngapi?"

"La tano," yule akajibu upesi. Kisha akajikuna shingo. "Hapana, la sita. Ngoja, nisije nikakudanganya." Akatoa simu, akaweka spika maana mikono ilijaa grisi. "Mama watoto, eti yule mkubwa yuko darasa la ngapi?"

Simu ikalipuka: "Darasa? Darasa gani? Alimaliza shule mwaka juzi! Ana ndevu! Na pongezi ulituma wewe mwenyewe!"

Yule dereva akazima simu, akaikodolea macho kamba ya turubai.

"Wanakua haraka siku hizi," akasema.

Gia Tatu akarudi kwa meneja kurudisha funguo. Mkono, kusema kweli, ulichelewa kufunguka.

"Unakataa lori kama hili? Lina kasoro gani?"

"Halina, kaka. Ila kitanda chake kinanitisha. Kizuri mno."

Geti la pili lilitaka kusukumwa kwa bega, nalo likalia kama bata aliyekanyagwa. Malori saba tu, rangi imepauka. Lakini matairi yalikuwa na meno, na chini ya injini hakuna tone la oili. Ofisini aliketi mpanga safari, mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, yadi nzima wakimwita Shangazi. Nyuma yake ubao wa misumari na vibao vya majina, juu umeandikwa kwa chaki: NJIANI, GEREJI, NYUMBANI. Chini ya NYUMBANI vilining'inia vibao viwili.

Gia Tatu hajakaa vizuri, simu ikalia. Mteja alitaka lori sasa hivi, na alilitaka kwa kelele.

"Lori lipo," Shangazi akasema. "Dereva hayupo. Yuko nyumbani. Haumwi, bwana, yuko nyumbani tu, kama watu. Kesho kutwa asubuhi. Haya, tafuta kwingine, ukikosa rudi, sisi hatununi." Akakata.

"Sasa akikimbia, Shangazi?"

"Huyu? Anakimbia kila mwezi na kurudi kila mwezi. Mzigo ukiletwa na mtu aliyelala vya kutosha unafika mzima, ataacha kurudi?"

Hata hivyo, alichotumwa hakukiacha. Akazunguka gereji. Miguu miwili ya dereva ilichomoza chini ya lori. Akaiuliza lile swali.

"La pili," miguu ikajibu. "Chumba cha mwisho, dawati la mbele, maana haoni mbali. Jana tulikuwa na hesabu kumi za kutoa. Tumepata tatu."

"Amepata tatu?"

"Tumepata. Mimi ndiye niliyemsaidia." Miguu ikacheka. "Na wako?"

"Ana miaka mitano tu."

"Anaanza shule lini?"

Gia Tatu, kona zote kali za barabara zake alizijua kwa moyo. Siku ya mwanawe kuanza shule hakuijua. Akakumbuka sare ndogo ya bluu iliyoning'inia kando ya cherehani. Alidhani ni ya mteja.

Akarudi ofisini mbio mbio.

"Kibao changu utakitundika msumari upi?"

"Subiri kwanza nikuonye," Shangazi akasema. "Malori yetu hayana kitanda cha maana."

"Hicho ndicho nilichokuwa natafuta."

Safari ya kwanza ilikwenda siku sita. Pilipili akafungua mlango. "Mama! Yule mgeni karudi!" Kiti cha kitambaa kikavutwa.

Siku ya pili Gia Tatu alifua. Nguo zikakauka. Alizigusa mara tatu, haamini. Simu kimya.

Siku ya tatu asubuhi alizinduliwa na kitu kinachokwaruza sakafu. Pilipili alikuwa akiburura jembe refu kumshinda.

"Amka. Mama kasema ugeni umekwisha."

Gia Tatu akaingia shambani kwa nguvu zote, udongo unaruka, majani yanaruka.

"Baba! Baba wee! Hayo siyo magugu, ni vitunguu!"

Cherehani ikanyamaza dirishani. Gia Tatu akainua uso, jasho linamtiririka, kitunguu kichanga mkononi.

"Hebu sema tena."

"Ni vitunguu!"

"Siyo hilo. Lile la mwanzo."

Pilipili akashika kiuno. "La mwanzo lipi? Hebu kirudishie udongo, baba, mama anatuona."